Kupima hewa ya Dar msimu wa Krismasi

Wachaga wakishakwenda kwao Moshi, Kilimanjaro, "kuhesabiwa" (utani wa safari yao ya Krismasi), foleni za Dar hupungua. Kujua kama hewa nayo imebadilika, funga kipima vumbi laini (PM2.5) mita 2 kutoka ardhini, mbali na jiko la mkaa la mama lishe, kuanzia Desemba 10 hadi Januari 15. Rekodi kila dakika 10. Ukipima na joto, kipimajoto kiwe kivulini penye upepo. Kikigusa ukuta kitapima ukuta.

Linganisha Jumatano na Jumatano, saa ileile, upepo unaofanana. Unyevu ukipita asilimia 80, vipima vya bei nafuu hudanganya: chembe hunywa maji, huvimba, namba hupanda. Moshi wa fataki na matairi usiku wa mwaka mpya uutenge. Joto? Usitarajie makubwa, wingu moja hufuta tofauti yote.