Jinsi ya kuandika maisha ya mzee wa dini aliyegeuka mwandishi (mfano wetu Chaim Potok, rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi)

Mara nyingi inaanza hivi, babu alikuwa mchungaji au shehe, kaandika vitabu viwili vitatu, sasa kafariki na familia inataka historia yake, basi mjukuu anakaa na laptop anaandika alizaliwa, akasoma, akahubiri, akafa. Hiyo ni CV bana. Anachotaka msomaji ni kujua huyu mtu wa dini kalamu aliipata wapi, na nyumbani walisemaje.

Mchukue Chaim Potok, Myahudi wa Marekani. Kazaliwa 1929 Bronx, New York, wazazi wahamiaji kutoka Poland, washika dini hasa, watoto wanne yeye ndo wa kwanza, na wote wakaishia ama kuwa marabi ama kuolewa na marabi. Sasa ukishaweka ukoo huo mezani, ndo unaona uzito wa kijana wa miaka 16 hivi kusoma riwaya ya Mwingereza Evelyn Waugh, riwaya ya Wakatoliki tena, afu akaamua na yeye atakuwa mwandishi wa hadithi! Kwa hiyo anza na ukoo, mtu aje baadaye.

Halafu tafuta pale alipokata kona. Kwa Potok ziko kona mbili. Kalelewa kwenye Uyahudi wa msimamo mkali, ila 1954 kapata urabi kwenye chuo cha tawi la Kiyahudi linaloitwa Wahafidhina, Jewish Theological Seminary, na jina lisikuchanganye, hao ni walegevu kidogo kuliko alikotoka. Afu 1955 mpaka 1957 akawa rabi wa jeshi la Marekani huko Korea, akakuta watu wenye imani zao na maisha yao yanaenda bila kumjua Myahudi hata mmoja, na mwenyewe alisema ile safari ilimtikisa. Sehemu kama hizi zipe kurasa nyingi. Digrii zake, pamoja na udaktari wa falsafa wa 1965, mstari mmoja unatosha.

Kosa kubwa la watu ni kuchukua riwaya ya mzee wakaifanya ushahidi. The Chosen, riwaya ya Potok ya 1967, inasimulia vijana wawili wa Brooklyn, mmoja baba yake ni rabi mkuu wa kundi lake anayemlea mwanaye kimyakimya bila kuongea naye, sasa mtu anasoma anasema aah kumbe ndo baba yake Potok. Wapi, yeye kakulia Bronx na baba yake hakuwa yule rabi wa kitabuni. Riwaya inakuonyesha kilichokuwa kinamsumbua mtu, tarehe na majina katafute kwingine.

Kwingine wapi? Kwa babu yako anza na majina. Potok kwenye makaratasi ya Kimarekani alikuwa Herman Harold, Chaim Tzvi ni la Kiebrania, ukitafuta moja tu utakosa nusu ya habari, kama babu wa Temeke ambaye kanisani ni Yohana na kijijini hakuna anayemjua kwa jina hilo. Nenda na majina yote kwenye kitabu cha ubatizo, RITA (wanaosajili vizazi na vifo), na Maktaba Kuu ya Dar pale barabara ya Bibi Titi kwenye magazeti ya zamani. Fungua pia kurasa za mwanzo za Biblia au msahafu wa nyumbani, wazee wengi waliandika humo nani kazaliwa lini, wino wa kila mtoto rangi yake.

Ukienda kwa bibi Mbagala, zima feni kabla hujabonyeza rekodi, utanishukuru. Usimuulize mwaka, muulize ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, wakati wa vita vya Kagera ulikuwa na mtoto wa ngapi, hapo tarehe zinajitokeza zenyewe. Na mashangazi wawili wakikupa habari mbili tofauti andika zote, taja nani kasema nini, usijifanye hakimu.

Ukimaliza, wape wanaukoo wawili wasiopatana wasome kwanza. Ukitaka kukichapisha, ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nenda mwenyewe, usimpe dalali hela.