Namna ya Kukata Tiketi ya Ndege Entebbe kwa Nauli Nafuu

Abiria wawili wanaoketi bega kwa bega kutoka Entebbe hadi Dubai huenda wamelipa nauli zinazotofautiana sana, kwa sababu shirika la ndege hugawa viti vya daraja moja katika mafungu ya bei, na fungu la bei ya chini likiisha, anayefuata hulipa zaidi. Anayekata tiketi leo ili asafiri kesho huhesabiwa kuwa mtu wa kazi asiyeweza kuahirisha safari, naye hutozwa kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo kata tiketi wiki kadhaa mapema, na uepuke majira ya Krismasi, ambapo Waganda wengi walioko ughaibuni hurudi nyumbani.

Mtoto aliye chini ya miaka 2, akipakatwa, kwa kawaida hulipiwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima katika safari za kimataifa.

Kabla ya kulipa, soma masharti ya mizigo na ya kubadili tarehe. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi huumia, maana tiketi ya bei ya chini isiyobadilishwa wala kurudishiwa fedha humgharimu sana mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa biashara jijini Kampala, ambaye bidhaa zake zimechelewa.