Sabufa na amplifaya kwa gari dogo: pima buti kwanza, wati baadaye

Kosa linalokula pesa nyingi kwenye muziki wa gari ni kuanza na amplifaya. Mtu anaona kasha limeandikwa wati 3000, analinunua, halafu ndipo anatafuta sabufa ya kuifuata. Mwishowe boksi haliingii kwenye buti, na taa za mbele zinafifia kila besi inapopiga. Kwenye gari dogo safari inatakiwa iende kinyume: pima nafasi, jua umeme wa gari unabeba nini, chagua boksi, tafuta sabufa inayolipenda boksi hilo, na amplifaya ije mwisho.

Gari dogo linakusaidia kuliko unavyodhani. Wimbi la besi la Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, na ndani ya gari lako hakuna mita 7. Kwa hiyo besi ya chini haisafiri humo ndani kama inavyosafiri ukumbini. Sabufa inasukuma na kuvuta hewa yote ya gari kwa pamoja, kama pampu. Kadiri gari linavyokuwa dogo, ndivyo msaada huo unavyoanza mapema, mara nyingi kuanzia Hz 60 hadi 70 kushuka chini. Kinadharia nyongeza hufika desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila Hz zinapopungua nusu, ingawa vioo na bati la mlango hupoteza sehemu yake. Boksi lililozibwa, lisilo na tundu la hewa, nalo hupoteza desibeli 12 kwa kila oktavu huko chini, kwa hiyo viwili hivi vinafidiana. Ndiyo maana sabufa moja ya inchi 10 kwenye boksi dogo lililozibwa hutoa besi ya kina ndani ya gari dogo, wakati boksi hilohilo likiwekwa sebuleni linasikika kavu.

Kupima nafasi na kuchagua boksi

Chukua futi ya chuma. Pima urefu, upana na kina cha buti kwenye sehemu finyu zaidi, yaani kati ya vifuniko vya magurudumu, si juu yake. Laza mgongo wa siti ya nyuma kama unavyoulaza siku zote, kisha pima tena. Funga mlango wa buti taratibu uone bawaba zinaingia hadi wapi. Na usisahau tairi la akiba: kama liko chini ya sakafu ya buti, boksi lazima liweze kuondolewa na mtu mmoja bila kukata waya. Siku ya pancha utashukuru.

Kwa boksi lililozibwa, sabufa nyingi za inchi 8 huridhika na lita 8 hadi 14, za inchi 10 lita 17 hadi 23, na za inchi 12 lita 25 hadi 35. Hizo ni takwimu za kukuongoza tu. Karatasi ya mtengenezaji wa sabufa yako ndiyo ya kufuata. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Boksi lenye vipimo vya ndani sentimita 40 kwa 30 kwa 20 lina sentimita za ujazo 24,000, yaani lita 24. Toa lita 1.5 hadi 2 zinazochukuliwa na sumaku na fremu ya sabufa, unabaki na lita 22. Ukitumia MDF (mbao ya unga ulioshindiliwa) ya milimita 18, ongeza sentimita 3.6 kwa kila kipimo unapokwenda kukata: nje litakuwa 43.6 kwa 33.6 kwa 23.6. Wengi husahau unene huu, na boksi linatoka na lita 16 badala ya 24. Boksi dogo kupita kiasi linafanya besi ivimbe eneo moja na kunyauka chini yake.

Boksi lenye bomba la kupitishia hewa hupiga kwa nguvu zaidi karibu na mawimbi liliyotungiwa, na kwa wati zilezile. Gharama yake ni nafasi, kwani linataka karibu mara mbili ya ujazo. Tena chini ya mawimbi hayo hewa haiizuii tena koni (uso wa sabufa unaosukuma hewa), koni inarukaruka bila breki na inaweza kujiharibu. Ukichagua boksi la namna hii, amplifaya lazima iwe na kichujio cha kukata mawimbi ya chini kabisa, na ukiweke Hz chache chini ya pale bomba lilipotungiwa. Kwa gari la milango mitano lenye buti iliyoungana na ndani, boksi lililozibwa ndilo jibu mara nyingi. Gari lenye buti iliyotengwa na siti kwa bati ni kesi nyingine: besi inabaki nyuma ikitikisa bati. Hapo elekeza sabufa kwenye tundu la mgongo wa siti au laza siti kidogo, na boksi la bomba linaanza kuwa na maana.

Kama buti ni ya kubeba mizigo kila siku, ipo sabufa bapa ya chini ya siti yenye amplifaya yake ndani. Besi yake ni safi na haina ubabe wa inchi 10, lakini kwa anayetaka wimbo ujae tu, inatosha kabisa.

Kusoma karatasi ya sabufa

Namba ya kwanza ya kutafuta ni wati za RMS, yaani mzigo ambao koili (waya uliozungushwa ndani ya sabufa unaosukuma koni) inabeba kwa muda mrefu. Ile inayoandikwa MAX kwa herufi kubwa usiipe nafasi katika hesabu yoyote. Kwa gari dogo, sabufa ya RMS 200 hadi 400 inatosha mno. Kumbuka kwamba kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia bila kushtuka. Sabufa yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 88 inayolishwa wati 250 inapiga sawa na yenye desibeli 85 inayolishwa 500. Bei ya usikivu unailipa mara moja; ya wati unailipa tena kwenye nyaya, betri na alteneta.

Namba ya pili ni Qts, kipimo cha jinsi sabufa inavyoidhibiti koni yake. Sabufa yenye Qts ya karibu 0.4 hadi 0.7 inakubali boksi lililozibwa. Iliyo chini ya hapo hupendelea bomba. Ya tatu ni kina cha kufungia: kama sabufa inadai sentimita 14 na boksi lako lina kina cha ndani cha sentimita 15, iangalie vizuri, kwani nyingi zina tundu nyuma ya sumaku la kupoza koili na linahitaji kuachiwa nafasi ya kupumulia.

Omu

Omu ni kipimo cha ukinzani wa koili kwa umeme, na hapa ndipo amplifaya nyingi zinapoungua. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 inaweza kufungwa kwa mfuatano, chanya ya koili ya kwanza ikipokea waya na hasi yake ikiungana na chanya ya pili: unapata omu 8. Ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Koili mbili za omu 2 zinakupa omu 4 au omu 1. Maana yake ni kwamba sabufa yenye koili mbili za omu 4 haiwezi kukupa omu 4 hata ukiizungusha vipi, isipokuwa uache koili moja bila kazi, na hilo si la kufanya. Kwa hiyo amua kwanza amplifaya itapiga kwenye omu ngapi, ndipo ununue sabufa ya koili zinazofaa. Amplifaya iliyoandikwa omu 2 kama kikomo ukiifungia omu 1 itachemka, itawasha taa ya ulinzi, na isipojizima kwa wakati itakufa.

Kwa gari dogo omu 2 ni mahali pazuri pa kukaa: unapata wati za kutosha bila amplifaya kuvuja jasho.

Amplifaya

Kwa sabufa pekee chukua ya chaneli moja ya daraja D. Hutumia karibu asilimia 80 ya umeme inaouvuta kama nguvu ya sauti, wakati daraja AB huishia asilimia 50 hadi 60 na inayobaki inakuwa joto. Wati zake za RMS zikaribiane na za sabufa kwenye omu uliyochagua. Ikizidi kidogo si hatari. Amplifaya yenye nafasi ya kupumua ni salama kuliko ndogo inayolazimishwa mpaka mawimbi yakatwe vichwa. Mawimbi yaliyokatwa vichwa ndiyo yanayochoma koili, na utaijua kwa harufu ya gundi iliyoungua.

Angalia pia wati zimepimwa vipi. Kiwango cha CEA-2006 (siku hizi CTA-2006) kinataka volti 14.4, omu 4, na upotoshaji usiozidi asilimia 1. Ukikuta alama hiyo, namba inaaminika. Ukikosa, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Zijumlishe, zidisha kwa volti 13.8, kisha kwa 0.8. Amplifaya yenye fyuzi moja ya ampea 30 haiwezi kutoa zaidi ya karibu wati 330 kwa kuendelea, hata kama kasha limeandikwa 3000. Jaribio hili linachukua nusu dakika dukani.

Kama spika za milango ya mbele nazo zinahitaji nguvu, fikiria amplifaya ya chaneli nne: mbili zilishe milango, mbili za nyuma ziunganishwe ziwe moja na kulisha sabufa. Nyingi zinataka omu 4 au zaidi zikiunganishwa hivyo, kwa hiyo hapo chagua sabufa ya omu 4. Fyuzi inakuwa moja, waya mkubwa mmoja, na buti inabaki na nafasi.

Umeme na nyaya

Sabufa ya wati 500 RMS kwenye daraja D huvuta karibu ampea 45 ikiwa kileleni: 500 gawanya kwa 0.8, gawanya kwa 13.8. Muziki hauko kileleni muda wote, lakini waya lazima uwe tayari kwa kilele. Alteneta za magari madogo nyingi hutoa ampea 60 hadi 90, na injini, feni, taa na kiyoyozi vinachukua sehemu kubwa. Kwa hiyo wati 300 hadi 500 ndio mpaka wa busara bila kubadilisha alteneta.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 8 wenye urefu wa mita 5 unapoteza karibu nusu volti kwenye ampea 45. Wa milimita za mraba 21 unapoteza chini ya volti 0.2. Nunua ule mnene. Na uwe shaba kweli: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona rangi ya fedha ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na italazimu uchukue saizi kubwa zaidi.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye chanya ya betri. Fyuzi hii hulinda gari lisishike moto pale waya utakapokwanguliwa na bati, kwa hiyo ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Toa kibano cha hasi cha betri kabla hujagusa chochote. Athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) iwe fupi, chini ya nusu mita, unene uleule wa waya wa chanya, ifungwe kwa bolti kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi bati ling'ae. Bolti za mkanda wa usalama usiziguse. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, nyaya za RCA (zinazobeba sauti kutoka redio hadi amplifaya) upande mwingine. Zikilala pamoja, alteneta inaweza kuimba kwenye spika kwa sauti inayopanda na kushuka na mwendo wa injini. Mlio huohuo mara nyingi hutokana na athi mbovu, basi anza kukagua hapo.

Kuweka geini

Geini ya amplifaya siyo kitasa cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Zima BASS BOOST, weka kichujio cha sabufa Hz 80, na kama redio inaruhusu, kata besi ya spika za mlango hapohapo Hz 80 ili zipumue. Chomoa sabufa. Piga toni ya Hz 50 kutoka kwenye redio, sauti ikiwa robo tatu. Weka mita kwenye volti za AC kwenye matundu ya amplifaya yanayolisha sabufa na upandishe geini polepole. Volti unayotafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 300 kwenye omu 2 ni 600, kipeuo chake ni volti 24.5. Simama hapo.

Rudisha sabufa, kaa kiti cha dereva, cheza wimbo unaoujua vizuri. Badilisha swichi ya fezi (inayogeuza kusukuma kwa koni kuwa kuvuta) kati ya 0 na 180 na ubaki na ile inayofanya besi isikike ikitoka mbele. Kama besi ni dhaifu na fezi haisaidii, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila spika, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja: koni ikiingia ndani badala ya kutoka, chanya na hasi zimegeuzwa.

Kelele ya kugongana ikitoka nyuma, shika kibati cha namba na mlango wa buti kwa mkono huku toni ikipiga. Mara nyingi sabufa haina kosa. Funga boksi kwa mkanda au bolti, kwa sababu kilo 15 za mbao na sumaku hazitabaki nyuma gari likigonga. Baada ya wiki mbili za kuendesha, kaza tena vibano vya betri, fyuzi na athi: mtikisiko huvilegeza.