Makopo matatu ya buni: nilivyopunguza vikombe vya karatasi mgahawani kwangu

Kabla hujanunua kitu chochote, hesabu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mie sikuhesabu, nikapoteza miezi minne na fedha ya sanduku zima la vikombe.

Nina kimgahawa cha kahawa Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Meza sita ndani, baraza nje. Kila kahawa ilikuwa ikitoka katika kikombe cha karatasi, hata ya mtu aliyekaa mbele ya macho yangu. Tulianza hivyo 2020 wakati wa korona, watu wakiogopa kushika kikombe alichoshika mwenzao. Korona ikapungua, sisi tukabaki na mazoea, na ukitaka nikwambie kweli, mazoea yenyewe yalikuwa uvivu wa kuosha. Jioni mifuko ya taka inajaa upepo. Kikombe cha karatasi hakina uzito lakini kinakula nafasi, na kijana wa mkokoteni hupima mfuko kwa macho, hapimi kwa kilo.

Mie nikaamini wanaonimalizia vikombe ni watalii. Nani mwengine? Nikaona dawa ni kuwanunulia vikombe "vinavyooza", bei karibu mara mbili, na muuzaji akaniapia kuwa ukivitupa vinageuka udongo. Nikachukua kimoja, nikakifukia chini ya mlimao uani kwa mama, Ng'ambo, masika ndiyo kwanza yameanza. Nilikwenda kukifukua baada ya miezi minne. Karatasi ilikuwa imekwenda kweli. Kilichobaki ni utando mwembamba kama ile ngozi ya ndani ya kitunguu, una umbo kamili la kikombe, mpaka ule mshono wa ubavuni. Mama aliusuuza kwa kata ya maji, akautandaza kiganjani, jua likapita ndani yake. "Hichi ndicho kinachooza?" Sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata baadaye. Kikombe cha karatasi si karatasi tupu. Ndani kimepakwa plastiki, mara nyingi polithini, ili kahawa isipenye. Kwa uzito ni kidogo, kama asilimia 5 hivi, lakini imeng'ang'ania karatasi hata kiwanda cha kawaida cha kurejeleza karatasi hakiitaki. Vile vinavyosifiwa kuwa vinaoza aghalabu hupakwa PLA, plastiki inayotokana na mahindi au miwa. Hiyo huoza vizuri kwenye mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Chini ya mlimao wa mama joto hilo halipo, na baharini halipo pia. Cha kwangu kikitoka hapa huishia jaani Kibele, au mvua ikikiwahi mtaroni, huishia pwani.

Basi ndipo nilipohesabu.

Nilitafuta makopo matatu ya jamu, nikayapanga nyuma ya mashine. Kila kikombe cha karatasi kinapotoka, anayetoa anatia buni moja: kopo la kwanza mteja anayekaa ndani, la pili jirani wa mtaani anayeagizia dukani kwake, la tatu mpita njia. Huhitaji daftari wala simu. Mkono umeshika buni, kopo liko pale. Fanya siku saba kamili, maana Ijumaa si sawa na Jumanne.

Wiki ile zilitoka buni 412. Waliokaa ndani 138. Wapita njia 103. Majirani 171! Fundi cherahani, wenye maduka ya vitambaa, mafundi wa simu: hao ndio walionimaliza, na mimi nawasingizia wazungu. Kikombe na kifuniko chake vilinigharimu shilingi 250, kwa hivyo nilikuwa nikitupa shilingi 103,000 kwa wiki. Hesabu zako zitatoka tofauti na zangu, na hiyo ndiyo sababu ya kuzifanya. Kila kopo lina dawa yake.

Wanaokaa ndani: habari yote ni kuosha

Baba yangu aliuza kahawa kwa dele. Mkono huu dele lenye makaa chini yake, mkono huu vikombe anavigonganisha, watu wa barazani wanamsikia tangu yuko kichochoro cha pili. Hakuna kikombe alichopata kukitupa maishani mwake. Lakini pia nakumbuka ndoo yake. Vikombe vinane, ndoo moja, kuchovya na kutoa, na kufika isha maji yale yana rangi ya chai. Kipindupindu kilipoingia visiwani 2015, watu waliitazama ndoo ya namna ile kwa jicho jengine, na haki yao. Mteja anayeogopa kikombe cha kuosha si mjinga. Ukitaka akirudie, muoneshe kuwa huoshi kwa ndoo kama ya marehemu baba.

Mie nimeweka beseni tatu mahala mteja anaziona. Kwanza kikombe kinasuuzwa pale pale kinaporudi, kabla mashapo na maziwa hayajakauka. Maziwa yakishakauka utasugua mpaka uchoke. Beseni ya kwanza maji ya moto na sabuni, ya pili maji safi ya kusuuza, ya tatu maji yaliyotiwa Jik, ile dawa ya klorini. Soma chupa yako. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, tia vijiko viwili vya mezani kwenye maji ya lita 10. Hapo unapata kama sehemu 100 za klorini katika milioni, nayo inatosha kwa vyombo vilivyokwishaoshwa. Vikae dakika mbili. Maji haya yawe ya baridi, kwani kwenye moto klorini huruka, na yasichanganyike na sabuni wala mabaki ya kahawa, hivyo viwili huila nguvu yake. Yakianza kuwa na ukungu, mwaga. Usingoje jioni.

Halafu kuna kitambaa. Kitambaa kile cha kufutia, kilichotundikwa begani tangu asubuhi, ndicho kinachorudisha uchafu wote ulioutoa. Kitupe. Inamisha vikombe kwenye waya, vikauke wenyewe kwa upepo. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, dada anayeosha alikuwa akikificha kitambaa chini ya kaunta kama mtu anayeficha sigara.

Vingapi vinatosha? Tazama saa yako yenye fujo, zidisha mara mbili. Yangu ni saa mbili hadi saa tatu asubuhi, vikombe 30, kwa hivyo nilinunua gilasi 60 Darajani, zile fupi nene za chai, shilingi 1,500 moja. Usinunue zenye ufito wa dhahabu mdomoni, unabanduka. Kwa mwezi zinavunjika nne au tano, hesabu hiyo pia. Na maji: uwe na tanki lako, maana siku mferejini hamtoki kitu ndiyo siku utakayoshawishika kurudi kwenye karatasi. Dada anayeosha nimemuongezea mshahara, kazi imezidi, usijidanganye kuwa hii ni bure. Hata hivyo gilasi, beseni, waya na chupa nitakazozieleza hapa chini havikufika shilingi 260,000, yaani chini ya vikombe vya wiki tatu.

Jambo dogo lililofanya kazi kubwa: vikombe vya karatasi tulivitoa juu ya mashine tukaviweka chini ya kaunta, ndani ya boksi. Na tukaacha kuuliza "unakaa au unachukua?" Ukiuliza hivyo nusu wanasema wanachukua, kisha wanakaa saa nzima. Sasa kahawa inakuja ndani ya gilasi. Mwenye haraka atasema mwenyewe.

Majirani: chupa ya chai na sinia

Hapa sikubuni kitu. Nilinunua chupa za chai tano, za lita moja, na vikombe vidogo vya kahawa vya kauri. Saa nne asubuhi kijana anazunguka na sinia: chupa moja kwa fundi cherahani na wenzake, moja kwa wenye vitambaa, hivyo hivyo. Baada ya adhuhuri anapita kukusanya. Kilichotoka na kilichorudi kinaandikwa kwenye daftari, jina la duka tu na idadi.

Mzee mmoja wa vitambaa alipoiona chupa siku ya kwanza aliniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, hivi ndivyo tulivyokuwa tukinywa kabla hamjatuletea vile vikopo vyenu." Nikamuachia na kipande cha halua ya Pemba, nikaenda zangu.

Kahawa ya mashine yenye povu la maziwa haikai ndani ya chupa, povu linakufa. Anayeitaka anapelekewa gilasi, na gilasi inarudi. Vinapotea? Vinapotea. Kikombe kimoja nilikikuta kwa fundi kimejaa vifungo vya shati. Nikamuachia.

Wapita njia

Hawa ndio wagumu. Kwanza nilijaribu ukarimu: ukija na kikombe chako unapewa kashata bure. Wiki ya kwanza walikuja wale wale waliokuwa wakija na vikombe vyao siku zote, na watoto wa chuoni ambao hata kahawa hawanywi. Baadaye nikasoma kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walilipima jambo hili na kutoa matokeo 2017: punguzo la bei halikubadilisha tabia za watu, lakini malipo ya ziada kwa kikombe cha kutupwa yalibadilisha, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Nikafuta kashata. Ubao sasa umeandikwa: Kahawa 3,000. Kikombe cha karatasi 500. Jumla ni karibu ile ile aliyokuwa akilipa zamani, ila sasa anakiona kikombe anachokilipia. Mji wa Tübingen, Ujerumani, uliweka kodi ya senti 50 za yuro kwa kila kikombe cha namna hii mwaka 2022. Mie sina mamlaka ya kodi, nina chaki.

Wanunuzi wa mtaani walinung'unika siku mbili tatu. Mtu akikwambia watu wa hapa hawatakubali, mkumbushe mifuko ya plastiki. Sisi visiwani tuliipiga marufuku kabla ya Bara, wao wakafuata 1 Juni 2019, na leo mtu anakwenda sokoni na kapu lake.

Anayetaka kuondoka na kikombe cha kuosha anaweka rehani. Watu wa hapa hawana haja ya kuelezwa, wote wamekua na chupa za soda: huna chupa tupu, acha fedha. Ninatumia vikombe vya stili vyenye mkono. Nilianza na rehani ya shilingi 5,000, hakuna aliyechukua. Nikashusha hadi 1,000, vikombe kumi na moja vikahama mji. Sasa ni 2,500, ile ile ninayonunulia kimoja, asiporudi, simdai. RECUP, mpango wa vikombe vya rehani wa Ujerumani ulioanza 2016, ulianza kwa kutoza yuro 1 kwa kikombe, na unakirudisha duka lolote lililomo kwenye mpango. Mie niko peke yangu kwa sasa. Majirani wenye kahawa wakikubali kupokea vikombe vya mwenzao, mambo yatakuwa mepesi zaidi.

Mwenye chombo chake mwenyewe, mpokee, lakini usikigusishe na mdomo wa mashine. Tia kahawa kwenye jagi lako kwanza, kisha mimina. Kikija kichafu, kioshe mbele yake kwa heshima. Mwezi wa Ramadhani huniletea mabirika mazima baada ya tarawehe, na mabirika ndiyo wateja wangu ninaowapenda kupita wote.

Vifuniko tunatoa kwa anayeomba. Mirija tumeacha.

Wanaobaki ni abiria wa boti. Boti ya saa moja asubuhi kwenda Dar haimsubiri mtu, wanapita na masanduku yao tangu saa kumi na mbili, hawatarudi kunirejeshea kikombe. Nimegundua kuwa ukimwambia, "Una dakika tatu? Kunywa hapa hapa umesimama," wengi wanazo. Kahawa ndogo, gilasi ndogo, mafunda matatu, haya safari njema. Asiyekuwa nazo namtilia kwenye karatasi, analipa 500 zake.

Wiki ya mwisho ya Septemba nilirudia hesabu ya buni. Wapita njia 74, karibu wote wa boti. Majirani tisa, siku ile kijana wa sinia alipougua. Kopo la wanaokaa ndani halikuwa na buni hata moja, nimelitia iliki.