Kuboldi meseji ya biashara isizame kwa grupu

Kama wauza kitu kwa simu hapa Mombasa, iwe ni mabuyu, viatu vya mtumba kutoka Kongowea ama biriani ya Ijumaa, basi wajua grupu za WhatsApp zilivyo, watuma tangazo saa nne asubuhi, ikifika adhuhuri lishazikwa chini ya maua ya Ijumaa Mubarak na stika za watu. Mimi kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara matangazo, na kila mteja mpya swali la kwanza ni hilo hilo, "nataka maandishi yawe manene kama ya fulani." Sasa hayo manene yako ya aina mbili na hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 1: chagua kitakachokuwa kinene

Hii ndio watu huiruka. Mtu anayeskroli huku yuko kwa foleni ya feri Likoni hasomi, anapitisha jicho tu, kwa hivyo boldi kile unachouza na kile kinachomharakisha, yani bei ama mwisho wa oda. Basi. Ukiboldi meseji nzima hakuna kilichoonekana, ni sawa na muuzaji anayepiga kelele bila kutaja ana nini kwa kikapu.

Hatua ya 2: vinyota, kwa WhatsApp

WhatsApp ina boldi yake tangu 2016, haina haja ya programu yoyote. Tia kinyota kabla ya neno na kingine baada yake, na vigusane na neno lenyewe. Hivi:

*Biriani ya kuku, Ijumaa*
Sahani ~400~ *350*
Twaleta Kisauni, Bamburi na Nyali
Oda mwisho Alhamisi saa mbili usiku

Ukiituma, vinyota vinapotea na maneno yanatoka manene. Ukiacha nafasi, yani * Biriani *, haikubali, vinyota vitabaki vimekaa hapo hapo na tangazo litaonekana limeandikwa na mtoto. Na boldi haivuki mstari, kila mstari utake vinyota vyake.

Ile ~400~ ndio mimi naipenda kuliko boldi yenyewe, inakata bei ya zamani kwa mstari katikati, mteja anaona punguzo kwa macho yake hata kabla hujamwambia kuna ofa (lakini bei ya zamani iwe ya kweli jamani, watu wa grupu wana kumbukumbu). Kama hujui alama ziko wapi kwa kibodi, bonyeza neno ulishikilie mpaka lipate rangi, kwa Android gusa vile vidoti vitatu utaiona Bold hapo. Kwa Telegram vinyota ni viwili viwili kila upande.

Hatua ya 3: herufi za kukopi, kwa Facebook na Instagram

Huku kwa posti ya kawaida vinyota havifanyi kitu. Zile nene unazoziona watu wamezikopi, unatafuta "bold text generator" kwa Google, unaandika neno lako, linakuja limenona, unakopi unapesti. 𝐌𝐚𝐛𝐮𝐲𝐮 𝐲𝐚 𝐩𝐢𝐥𝐢𝐩𝐢𝐥𝐢. Rahisi.

Ila jua unachokitumia. Hizo si fonti, ni alama za hesabu zilizoingizwa mwaka 2001 kwa Unicode, ile orodha ya herufi zote ambayo simu na kompyuta hutumia, simu inaziona kama kitu kingine kabisa mbali na herufi A yako ya kawaida. Ndio maana mteja akitafuta "mabuyu" posti yako huenda isitokee, simu zingine za zamani zinaonyesha viboksi vitupu, na mtu asiyeona anayesomewa skrini na programu kama TalkBack ama VoiceOver anaweza kusikia majina marefu ya kihesabu herufi baada ya herufi, ama asisikie kitu. Kwa hivyo neno moja la kichwa linatosha, kisha hapo chini liandike tena kwa herufi za kawaida. Na ukiandika ng'ombe ama ng'onda utaona ule mkato wa juu umebaki mwembamba, hauna nene yake, mimi hapo huchagua neno jengine.

Namba ya simu na namba ya Till ya kulipia usiziandike kwa herufi hizi kabisa. Simu huenda isizitambue kama namba, mteja ashindwe kuigusa akapiga, na akiikopi kwenda kulipa inaweza kukataliwa.

Zile programu za kibodi ya fonti mimi siziweki. Kila unachochapa kinaweza kupitia kwake, hata pasiwedi, tovuti ya kukopi inatosha.

Hatua ya 4: jitumie mwenyewe kwanza

WhatsApp inakuruhusu kujitumia meseji. Itume, uiangalie, kisha mpelekee jamaa mwenye simu ya bei ya chini akupigie skrinshoti. Ikiwa sawa ndio uisambaze kwa grupu.

Kwa SMS nayo zile herufi za kukopi ziache. SMS moja inabeba herufi 160, lakini ukipesti hata moja ya zile nene inashuka hadi 70, na kila nene inahesabiwa mbili, yani ukiboldi yote umebaki na 35, na anayetuma kwa wateja mia tatu anajua hiyo ni pesa ngapi. Huko andika neno moja kwa HERUFI KUBWA, mengine madogo, utume.