Kufunga tangi la pili la dizeli kwenye lori, hatua kwa hatua

Dereva anayekwenda Lusaka au Lubumbashi akitaka tangi la pili, huuliza kwanza lita ngapi. Fundi aanze na kilo. Lita moja ya dizeli ina uzito wa karibu kilo 0.84, kwa hiyo tangi la lita 600 likijaa lina kilo 500 za mafuta peke yake. Jumlisha tangi lenyewe, braketi na mikanda, unakaribia kilo 600 zinazoning'inia ubavuni mwa chesisi. Kwenye barabara ya mashimo uzito huo unarushwa juu chini mfululizo, na ukiteremka mlima wa Kitonga huku breki zimekanyagwa, wote unasukuma kwenda mbele. Haya ninayoyaeleza ndiyo niliyomwelekeza fundi mwenzangu hivi karibuni, nikaona heri niyaandike.

Hatua ya 1: Mahali

Liweke kati ya ekseli ya mbele na za nyuma, upande ulio mkabala na tangi la kwanza ili gari lisilalie upande mmoja. Betri na mitungi ya upepo unaweza kuihamisha. Likae mbali na ekzosi. Nafasi ikibana, weka ngao ya bati katikati na uache hewa ipite pande zote mbili za ngao. Kata usukani hadi mwisho uone tairi haligusi, na kumbuka springi zitalala gari likipakiwa. Upana usizidi kabini.

Suala la mizani mwambie mwenye gari mapema. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, na gari zima halivuki tani 56. Tangi likisogezwa sana mbele, uzito wake mwingi unaingia kwenye ekseli ya usukani. Asisubiri kuyajua hayo kwenye mizani ya barabarani ya Vigwaza.

Hatua ya 2: Tangi na braketi

Nunua tangi la alumini la kiwandani lenye kuta za ndani. Kuta hizo zina matundu, na kazi yake ni kuyazuia mafuta yasikimbie yote kwa pamoja upande mmoja unapopiga breki. Pipa lililochomelewa mtaani bila kuta silifungi kwenye gari la mtu, hata akinibembeleza.

Braketi ziwe za umbo la L, na mguu unaosimama kwenye chesisi uwe mrefu. Tangi linaning'inia nje, kwa hiyo bolti za juu ndizo zinazovutwa. Mguu ukiwa mfupi zinavutwa mara dufu. Kwa lita 600 tumia braketi tatu. Kila braketi ikae chini ya ukuta wa ndani. Utaujua kwa mstari wa weldi unaoonekana nje ya tangi.

Hatua ya 3: Toboa, usichomelee

Chesisi ya lori imetengenezwa kwa chuma chenye nguvu maalumu, na moto unaiharibu nguvu hiyo. Ufa utaanzia pembeni ya weldi na kutambaa. Tumia matundu ya kiwandani kwanza. Malori mengi ya Ulaya yanayo tayari. Ukilazimika kutoboa, toboa ukuta uliosimama tu. Midomo ya juu na ya chini ya chesisi usiiguse kwa drili wala grinda, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mkunjo wa gari. Chungulia nyuma ya ukuta kabla ya kutoboa. Nyaya na mipira ya upepo hupita hapo.

Bolti ziwe M16 daraja la 8.8 au 10.9, tundu milimita 17, washa (pete za chuma) nene, nati za kujifunga zenyewe. Paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu.

Hatua ya 4: Kunyoosha braketi

Hapa usiwe na haraka. Braketi tatu zisipokaa kwenye mstari mmoja, tangi litakalia mbili na mikanda italivuta kwa nguvu lifuate ya tatu. Alumini inakunjwa kidogo tu, huoni kwa macho. Chesisi nayo hujipinda kila gari linapopita kwenye shimo, na tangi lililokwisha kunjwa halina pa kupumulia. Linapasuka.

Liliwahi kuletwa gereji lori lililolowa dizeli chini ya tangi. Mwenye gari alikuwa amekwisha badilisha nati ya kumwagia uchafu na mipira yote ya mafuta, bado linalowa. Tulimaliza karibu siku nzima tukifuta, tukikausha na kutazama, na chozi linarudi palepale. Tulipofungua mikanda tukakuta ufa mwembamba juu ya braketi ya kati, umefichwa na mpira unaolazwa kati ya tangi na braketi. Chanzo chake: mahali hapo chesisi ina bamba la kuimarisha, kwa hiyo braketi ya kati ilitokeza nje kuliko wenzake kwa unene wa bamba hilo. Aliyeifunga alipima kitako peke yake, mgongo hakuupima.

Kwa hiyo pima sehemu zote mbili, kitako tangi linapokalia na mgongo linapoegemea. Gari liwe tupu, kwenye sakafu tambarare, tairi zina upepo sawa, na lisiinuliwe kwa jeki upande mmoja. Pimamaji liache kwenye sanduku. Chesisi yenyewe huwa na mteremko, hivyo pimamaji litakupa braketi zilizo sawa na dunia badala ya kuwa sawa na gari. Pima kutoka ukingo wa chini wa chesisi.

Kaza bolti kwa mkono tu, kisha laza bomba la mraba lililonyooka juu ya vitako vyote vitatu, halafu liegemeze kwenye migongo. Penye uwazi jaza kwa kipande cha bamba la chuma kinachoenea uso wote wa mguu wa braketi. Washa moja moja hazifai, zinaacha mguu ukining'inia, na mbao usiifikirie kabisa. Pandisha tangi tupu bila mpira, lisukume kwa kiganja kwenye kila kona. Likicheza, rudia. Pitisha karatasi kati ya tangi na kila braketi. Inapopita bure, hapo hapajakaa.

Sasa kaza bolti hadi karibu Nyuton-mita 200 kwa M16 ya 8.8, kwa spana ya kupimia. Halafu rudia kipimo cha bomba, maana kukaza kunaivuta braketi.

Hatua ya 5: Mpira na mikanda

Alumini isigusane na chuma popote. Maji ya chumvi yakiingia kati yake, alumini inaliwa. Tumia mpira mgumu usionyonya maji, mpana kuliko mkanda. Kapeti na vipande vya tyubu vinashika matope na kuozesha tangi.

Kaza mikanda kwa zamu, kidogo kidogo, huku ukiigonga kwa nyundo ya mpira ili ikae. Simama tangi linapoanza kubonyea. Funga kwa nati mbili.

Hatua ya 6: Mafuta

Mafuta yanayorudi kutoka injini yarudi kwenye tangi yanakotoka, la sivyo moja litafurika huku jingine likikauka. Mimi hutumia valvu inayogeuza kuvuta na kurudi kwa pamoja. Bomba la kuunganisha matangi kwa chini silipendi. Jiwe moja linatosha kumwaga yote mawili. Breza, yaani tundu la kupumulia la tangi, iwe wazi, na usijaze zaidi ya asilimia 95, kwa sababu dizeli hutanuka juani.

Hatua ya 7: Kaza tena

Mpira hulala ukibebeshwa uzito. Jaza tangi, tembea kilomita 50 hadi 100, kaza mikanda upya. Kisha chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na bolti kwa pamoja, kwenye kila bolti. Mfundishe dereva na utingo kuutazama kila asubuhi wanapopima tairi. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na hapo gari halitoki mpaka ikazwe.