Jinsi ya kujaribu gemu ya vita vya Tanga 1914 na washkaji

Kama umetengeneza gemu ya mezani ya Tanga, Novemba 1914, usimwage sheria zote siku ya kwanza, chezeni raundi tatu tu muone inaendaje. Jeshi la Uingereza, wengi Wahindi, lilikuwa na watu kama 8,000, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kama 1,000 hivi, wengi askari Waafrika, sasa ukiweka namba hizo tupu Mjerumani anachapwa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo Waingereza wanaoshuka melini ufukweni Ras Kasone wape uchovu, mashamba ya mpira yawazibe macho, na nyuki, maana vitani kweli waliwavamia wanajeshi! Mi nyuki nawarushia dadu, ikitoka sita kikosi kinakimbia. We mwenyewe usicheze, kaa pembeni na daftari, mtu akiuliza “hii maana yake nini?” usimjibu haraka, andika kwanza. Halafu wachezaji wabadilishane pande, wacheze tena.